Ampulifaya ya udi: anza na kinachoingia

Kijana akifika kwenye meza yangu hapa Majengo na mchoro wa ampulifaya, swali lake la kwanza huwa, "Fundi, nikuze mara ngapi?" Nami humuuliza: unakuza nini? Akiniambia ni udi, ile ala ya nyuzi, wenye pikapu ya piezo (kipande kinachogeuza mtikisiko kuwa umeme), kazi kubwa imeshapata njia, maana kinachoingia ndicho kinachochagua aisii (chipu ya kukuzia), rizista na hata boksi. Hesabu ya ukuzaji ni nyepesi, inaweza kungoja.

Tuuchukue huo udi. Harusini mara nyingi utausikia umetoka mwembamba, mlio wa juu mtupu, na lawama zikamwangukia mpigaji au spika. Chanzo kiko pale waya unapochomekwa. Piezo kiumeme ni kama kapasita ndogo, tuseme ya nanofaradi 10. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye mlango wa mikisa (mashine ya kuchanganyia sauti) wenye upinzani wa kiloomu 10, viwili hivyo vinakuwa chujio linalopunguza kila kilicho chini ya hezi 1,600 hivi. Uzi mnene wa udi uko chini ya hezi 100! Pandisha upinzani wa kuingilia hadi megaomu 1, mpaka huo utashuka hadi hezi 16, na besi yote itapita. Kanuni ni moja: 1 gawanya kwa 2π mara R mara C, R ikiwa upinzani kwa omu na C kapasita kwa faradi. Ikariri, utaitumia maisha yako yote.

Hiyo megaomu 1 ndiyo inayoamua aisii. Aisii ya NE5532 naipenda sana kwenye maikrofoni kwa sababu kelele yake ni ndogo, lakini mguu wake wa kuingilia huvuta mkondo wa nanoampia 200 hivi. Upitishe kwenye megaomu 1, tayari volti 0.2 imepotea kabla uzi haujaguswa. TL072 ina FET (aina ya transista) mlangoni na huvuta pikoampia tu, kwa hiyo kwenye udi mimi huweka hiyo. Ile 741 ya mwaka 1968 ni nzuri ya kujifunzia darasani, ibaki huko.

Umeme nautoa kwenye betri ya volti 9, ili mvumo wa hezi 50 wa stima na vituko vya jenereta visipate mlango. Opampu, yaani hiyo aisii ya kukuzia, inahitaji nafasi ya kupanda na kushuka, basi itengenezee katikati: rizista mbili za kiloomu 10 kati ya chanya na hasi, na kapasita ya mikrofaradi 47 kutoka kiungo chao hadi hasi. Hapo una volti 4.5. Megaomu 1 yako itoke hapo iende mguu wa 3 wa TL072, ule wa kuingilia, na piezo iingie mguu huohuo kupitia kapasita ya nanofaradi 100. TL072 ina opampu mbili ndani; nusu ya pili usiiache ikining'inia: unga mguu wa 6 na wa 7, wa 5 upeleke kwenye hiyo volti 4.5. Kisha nanofaradi 100 nyingine kati ya mguu wa 8 (chanya) na wa 4 (hasi), karibu kabisa na aisii.

Sasa tukuze. Mwaka 1927 mhandisi Mmarekani Harold Black, akiwa kwenye feri akivuka mto Hudson kwenda kazini, alichora wazo la mrejesho hasi (kurudisha sehemu ya kinachotoka ili ipunguze kinachoingia) juu ya gazeti alilokuwa nalo. Sisi tunaovuka kivuko cha Likoni, Mombasa, tunajua kuwa kwenye feri mtu hupata wasaa wa kuwaza. Kwa wazo hilo, ukuzaji wa saketi yetu unaamuliwa na rizista mbili tu, Rf kutoka mguu wa 1 (wa kutolea) kurudi mguu wa 2, na Rg kutoka mguu wa 2 kwenda hasi: 1 jumlisha Rf gawanya kwa Rg. Risha (kipigio cha nyuzi) ikipiga kwa nguvu, piezo yaweza kutoa nusu volti. Kwa volti 9, TL072 ina takriban volti 3 kila upande kabla mawimbi hayajakatika vichwa. Ukikuza mara 11 unataka volti 5.5, na hazipo. Weka Rf ya kiloomu 33 na Rg ya kiloomu 10, upate mara 4.3, yaani volti 2.15. Rg ishuke hasi kupitia kapasita ya mikrofaradi 4.7, la sivyo utazikuza na zile volti 4.5 za katikati. Sambamba na Rf weka pikofaradi 100 kuzuia redio isiingie.

Sisi wa pwani tuna adui mwingine: chumvi ya hewani. Unyevu wake ukichanganyika na mabaki ya flaksi (dawa ya kulehemu) huvujisha umeme, na kwenye mguu wenye megaomu 1 mvujo mdogo tu unaonekana. Baada ya kulehemu, safisha bodi kwa spiriti na mswaki, ikauke vizuri, kisha ipake vanishi. Pima volti kati ya mguu wa 1 na wa 4, udi ukiwa kimya. Ikiwa mbali na nusu ya betri, rudi usafishe tena kabla ya kubadilisha aisii. Boksi liwe la chuma, limeungwa na hasi, na waya wa piezo uwe mfupi wenye ngao.

Mwishoni, toa sauti kupitia kapasita ya mikrofaradi 10 na rizista ya omu 100, kwa sababu kebo ndefu ya kwenda kwenye mikisa ni kapasita nayo na huweza kuifanya opampu itetemeke yenyewe. Betri ikishuka hadi volti 7, ile nafasi ya volti 3 imebaki 2, na mapigo makali yataanza kukwaruza. Ibadilishe mchana, kabla wanamuziki hawajapanda jukwaani.