Barua kwa Mwanangu Kuhusu Nahodha Bligh

Mwanangu mpenzi,

Baada ya salamu, swali lako nimelipata. Umetazama ile filamu ya mwaka 1935, Mutiny on the Bounty, na sasa unauliza kama kweli aliwahi kuwapo nahodha katili kiasi cha kuamuru maiti ichapwe viboko, na kama alikuwapo, mabaharia walimvumiliaje.

William Bligh alikuwapo, lakini siye huyo aliyeigizwa na Charles Laughton. Maiti kuchapwa na baharia kuburutwa chini ya mkuku ni mambo ya kutungwa. Kwa desturi za jeshi la majini la Uingereza enzi hizo, Bligh hakuwa mwepesi wa kiboko. Kilichochoma watu ni ulimi wake. Siku moja kabla ya uasi wa mabaharia wake wa tarehe 28 Aprili 1789, alimtuhumu Fletcher Christian, msaidizi wake aliyeuongoza uasi huo, kwa wizi mbele ya wenzake, kisa nazi zilizopungua sitahani.

Tena merikebu yenyewe, Bounty, ilikuwa ndogo, urefu wake mita 28 hivi, na chumba kikubwa cha nyuma, ambacho kwa kawaida kingekuwa cha nahodha, kiligeuzwa kitalu cha miche zaidi ya 1,000 ya mishelisheli, iliyotolewa Tahiti, kisiwa cha Bahari ya Pasifiki, ili iwe chakula rahisi cha watumwa wa mashamba ya miwa huko Karibi. Naam, shelisheli hizi hizi tunazochemsha nyumbani. Watu waliokwisha kukaa miezi mitano ufukweni wakala wakashiba, walirudishwa kwenye msongamano huo na matusi juu yake.

Ukitaka kumwona Bligh halisi, rudia sehemu ya mashua. Yeye na watu 18 walitoswa na waasi baharini katika mashua ya mita 7, nao wakasafiri zaidi ya kilomita 6,000 hadi kisiwa cha Timor. Mkate aliupima kwa mizani ya vifuu viwili vya nazi, kila mtu akipata kipande chenye uzito wa risasi moja. Isipokuwa mmoja aliyeuawa kisiwani Tofua, wote walifika hai.

Ama kuvumilia, sheria haikuwaachia njia nyingine, kwani adhabu ya uasi ilikuwa kifo. Waasi waliokamatwa Tahiti walifuatwa na merikebu Pandora, iliyoongozwa na Edward Edwards, si Bligh kama filamu inavyodai, na watatu kati yao walinyongwa Portsmouth mwaka 1792.

Wako,
Baba