Pilgrim's Rest: mabati matupu au kuna cha kuona?

SWALI: Mambo vipi mhariri, mwezi ujao naenda Johannesburg kwa kaka yangu, nimeskia kuna mji wa zamani wa dhahabu unaitwa Pilgrim's Rest ila mshkaji kaniambia ni mabati matupu, hivi inalipa kwenda au ntapoteza nauli tu?

JIBU: Mshkaji wako hajadanganya, ni mabati, ila hayo mabati ndo yenyewe sasa! Dhahabu ilionekana pale 1873, watu wakamiminika na mahema yao, baadae ndo zikaja nyumba za mbao na mabati maana zinasimama fasta na nani angejua dhahabu itadumu mpaka lini. Mwaka 1986 mji ukatangazwa urithi wa taifa. Anzia Royal Hotel, baa yake wanasema ilikua kanisa kule Maputo (mi nilicheka sana), afu panda makaburini utafute kaburi la mwizi, limelazwa kivyake tofauti na mengine yote. Ukipata muda pita Alanglade, nyumba ya meneja wa mgodi, hapo ndo utajua dhahabu ilikua inaliwa na nani. Mji wenyewe uko jimbo la Mpumalanga, jirani na mji wa Graskop, we muombe tu kaka gari, na uvae raba, kuna vilima.