Kabla hujamwita mchezaji wa baleti mbele ya kamera

Mradi wangu wa kwanza wa baleti niliupangia kwenye simu. Nilikusanya picha kama 60 za wapiga picha tofauti, nikamwonyesha dada mmoja anayecheza baleti hapa Nairobi, nikamwambia tuzimalize asubuhi moja. Tulipiga karibu 800. Alipozipitia akakubali nne. Zile nilizozipenda mimi, yeye aliona goti limelegea au kifundo kimepinda. Mimi nilikuwa naangalia mwanga, yeye anaangalia mguu.

Kuiga si dhambi. Kosa langu lilikuwa kuchanganya wapiga picha ambao mitindo yao haipatani. Alexey Brodovitch, kati ya 1935 na 1937, aliyapiga picha makundi ya baleti ya Kirusi yaliyocheza New York, kwa kamera ndogo na taa za jukwaani tu, shata, ule mlango wa mwanga ndani ya kamera, ikikaa wazi kwa muda mrefu kidogo. Wachezaji wakatoka kama moshi. Kitabu chake, Ballet, kilitoka 1945. Lois Greenfield alipita njia nyingine kabisa: aliwaingiza wachezaji studio, akawaachia waruke nje ya dansi waliyopangiwa, akawanasa kwa flashi ya kufumba na kufumbua, wakabaki wameganda hewani. Mmoja anauacha mwendo upite, mwingine anausimamisha. Ukitaka sketi nyepesi iache ukungu kwa 1/15 ya sekunde, taa, mavazi na hata mwendo unaomwomba mchezaji vitakuwa vingine. Basi chagua mmoja, utazame alivyoutumia muda. Pozi zake ziache kwanza.

Kisha kaa darasani bila kamera. Mimi nilikwenda mara tatu, nikajifunza kuhesabu muziki pamoja nao. Kwenye kilele cha mruko kuna nukta ambayo mwili haupandi wala haushuki. Ukingoja uione ndipo ubonyeze, umechelewa. Kwa mwanga wa dirishani anzia shata ya 1/500 ya sekunde, na kamera iteremshe chini ya kiuno, mruko uonekane mrefu.

Sakafu ndiyo wengi wanaisahau. Sisi tunapenda juu ya paa na barabarani, lakini zege halina huruma na goti. Huko mwombe asimame, miruko ihifadhi kwa ukumbi wenye sakafu ya mbao, na hata humo usimrushe mara 30 kwa sababu wewe hujapata fokasi. Viatu vya kusimamia ncha za vidole ni ghali. Ukivitaka kwenye changarawe, vinunue wewe.

Najua wengine mmeshapanga Kibera, kwa sababu mmeona picha za Fredrik Lerneryd za watoto wanaojifunza baleti huko. Darasa lile limo pichani kwa kuwa ndimo wanamojifunzia. Ukimleta mchezaji kutoka Karen, mtaa wa wenye nazo, kwa saa moja asimame mbele ya mabati, umegeuza nyumba za watu kuwa pazia la studio. Na kama ni watoto, ruhusa ya mzazi iwe kwa maandishi, tena kabla ya siku ya kazi.

Siku hizi mpango wangu unaenea karatasi moja: picha sita tu, kila moja na mwanga wake, na nusu saa ya kukaa na mchezaji mbele ya kompyuta kabla hajavua viatu, ili mguu ukimkera turudie palepale.