Muulize Mjomba: Mchezo wangu wa korosho mbona wanaukimbia?

SWALI: Shikamoo Mjomba. Mimi ni kijana wa Masasi. Nimechora mchezo wa ubaoni unaohusu korosho, vyumba 50 kutoka shambani hadi Bandari ya Mtwara. Unarusha dadu, unasogea. Ukiangukia ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho, unarudi nyuma, ukiangukia bei nzuri unaruka mbele. Wa kwanza kufika bandarini ndiye mshindi. Picha zimependeza, lakini wenzangu wakiucheza mara moja wanarudi kwenye drafti. Umepungukiwa nini? Na kuuweka kwenye simu nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mpwa wangu. Lengo unalo, kanuni unazo, na habari yenyewe kila mtu wa Kusini anaijua. Kinachokosekana ni uamuzi, na bila huo mchezo hauna roho.

Fuatilia zamu moja tu. Mtu anarusha dadu, inatoka 4, anahesabu vyumba, anasoma kilichoandikwa, anampa mwenzake dadu. Amechagua nini hapo? Dadu ndiyo iliyocheza. Kwenye drafti kila kete unayoisukuma umeisukuma wewe, na ukiliwa huna wa kumlaumu. Ndiyo maana wanarudi huko.

Nenda kwenye baraza lolote la bao, hapa Mikindani yapo, uangalie nyumba, lile shimo kubwa la mraba, inavyochezwa. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Mwanzoni kila mchezaji ana kete 6 kwenye nyumba, 2 na 2 kwenye mashimo mawili ya jirani, na 22 mkononi za kunamua, yaani kuziingiza ubaoni moja moja kila zamu. Sasa, wakati wa namua, umekula, unatawanya, na kete ya mwisho inaishia kwenye nyumba yako, mbele yake hakuna cha kula. Ruhusa unayo: ulale, yaani zamu yako iishie hapo, au uzichote zote usafiri, yaani uendelee kuzitawanya. Ukilala unabaki na hazina, ila mwenzako anaweza kuja kuila. Ukisafiri unaweza kufagia upande wake, lakini nyumba umeshaivunja. Tazama mkono wa mchezaji mzuri pale: unasimama juu ya shimo, macho yanakimbia mstari wa mbele, watazamaji wanamhimiza kila mmoja na lake. Kanuni ile ni fupi sana, na watu wazima wanabishana juu yake mpaka adhana ya magharibi. Kanuni ya namna hiyo ndiyo ninayotaka uitafute.

Na kwenye korosho imejaa tele, wewe umeiruka! Mkulima ana fedha kidogo: anunue salfa, dawa ya ubwiri unga, ya mikorosho yote, au ya nusu, abakize ya matumizi ya nyumbani? Mzigo ukishafika ghalani, mnada unafanyika, bei inasomwa, wakulima wanaikubali au wanaikataa. Basi futa vyumba vya bei, tengeneza kadi 12 za minada. Kadi ikifunuliwa, kila mchezaji anaweka ngumi mezani, mnafungua kwa pamoja: kiganja wazi, anauza, ngumi, anasubiri mnada ujao. Kusubiri kuwe na gharama, la sivyo hakuna atakayeuza mapema. Gunia moja lishuke kutoka daraja la kwanza hadi la pili, kwa mfano. Bei za kadi zote ziandikwe pembeni ya ubao, ili anayesubiri aweze kukokotoa zimebaki zipi. Bahati usiifukuze kabisa, inampa matumaini mgeni. Ila mtu awe na njia ya kuipimia.

Jambo jingine, mtu aliyebaki nyuma asikae kungoja kumalizika tu. Kwenye bao kete zilizoliwa hazitoki mchezoni, zinatawanywa upande wa aliyekula, kwa hiyo aliyezidiwa anaweza kuzila tena kwa mkono mmoja. Mpe na wako mlango kama huo.

Simu isubiri. Tumia boksi, penseli, na korosho zenyewe ziwe magunia. Kanuni ikigoma unafuta, unaandika nyingine hapohapo. Kwenye programu badiliko hilohilo linaweza kukulia siku nzima. Kisha waite watu wasiojua chochote kuhusu mchezo wako, wape kanuni zilizoandikwa, kaa pembeni na usifungue mdomo hata wakikosea. Andika wanapokwama na wanapopiga miayo. Siku utakayowakuta wanagombana kama kadi ya bei kubwa bado imo au imeshatoka, pakua Godot, programu ya kutengenezea michezo, ni ya bure na inatengeneza michezo ya Android.