Kabla hujafuta fanksheni ya zamani, hakikisha onyo limefika

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa msomaji: "Kaka, nimekabidhiwa maktaba ya msimbo kazini. Ina fanksheni za zamani zaidi ya hamsini, zimejaa vumbi na hakuna anayezipenda. Nataka nizifute zote wikendi hii nianze upya. Unanishauri nini?" (Kwa aliye mgeni: msimbo ni maandishi ya programu ya kompyuta, fanksheni ni kipande chake chenye jina ambacho huitwa kila kazi yake inapohitajika, na maktaba ni mkusanyiko wa fanksheni ambao programu nyingine huutumia.)

Niliusoma mara tatu, nikaweka simu chini, nikatembea kidogo. Kijana huyu hakujua kwamba amegusa kidonda. Nilianza kumjibu kwa mistari miwili, mistari ikawa kurasa, nikaona heri niandike hapa, maana najua wengi wenu mnawaza kama yeye. Sote tunataka msimbo safi, na sote tumewahi kufungua faili la miaka kumi na kutamani kulifagia lote kwa mkupuo mmoja.

Miaka minne iliyopita nilikuwa nasimamia maktaba ya lugha ya Python iliyotumiwa na timu sita ndani ya kampuni moja. Humo mlikuwa na fanksheni iitwayo soma_tarehe. Aliyeiandika alikwisha kuondoka kabla sijafika. Kazi yake ilikuwa kupokea tarehe iliyoandikwa na kuigeuza kuwa tarehe ambayo kompyuta inaielewa, na ilifanya hivyo kwa kubahatisha. Ukiipa 13/04/2019, inaona kwamba hakuna mwezi wa 13, basi inasoma tarehe 13 Aprili. Ukiipa 12/04/2019, inasoma tarehe 4 Desemba. Yaani siku mbili zinazofuatana kwenye karatasi zinatoka upande wa pili zikiwa zimeachana karibu miezi minane, bila kosa lolote kuripotiwa. Nilipoigundua sikulala vizuri.

Nikaandika mbadala wake, changanua_tarehe, ambayo inamlazimisha anayeiita aseme waziwazi: siku inatangulia au mwezi unatangulia. Nilijivunia sana kazi ile, na bado najivunia. Kisha, kwa kuwa nilijiona mtu muungwana, nikaiwekea fanksheni ya zamani onyo la kustaafishwa, yaani ujumbe wa kumwambia anayeiita kwamba bado inafanya kazi lakini aache kuitegemea:

warnings.warn("soma_tarehe imestaafishwa", DeprecationWarning)

Nikasubiri mwaka mzima. Hakuna aliyelalamika, hakuna aliyeuliza, nikaamini kwamba wote wameshahama. Nikatoa toleo la 3.0, nikafuta soma_tarehe pamoja na wenzake kumi, nikaandika mstari mmoja kwenye orodha ya mabadiliko: "Fanksheni zilizostaafishwa zimeondolewa." Siku ile nilienda nyumbani nimetua mzigo.

Siku tisa baadaye niliitwa kwenye kikao. Timu moja ilikuwa inatoa ripoti tupu tangu toleo langu liingie kwenye seva zao. Msimbo wao ulikuwa umeandikwa kwa tahadhari isiyo na faida: kama soma_tarehe haipatikani, usisimame, weka kitu tupu mahali pake, na kila safu mlalo ya data isiyo na tarehe iruke. Fanksheni ilipotoweka, kila safu ikawa haina tarehe, na kila safu ikarukwa. Ripoti zikatoka kwa wakati, zina vichwa vya habari na nembo, ndani hamna kitu. Kwa siku tisa watu walizipokea.

Nilijitetea. Nikasema, nilitoa onyo mwaka mzima! Kiongozi wa timu ile hakunijibu. Alifungua logi, yaani kumbukumbu ambazo programu huandika zikiendeshwa, za miezi kumi na miwili mbele ya wote, akatafuta neno "imestaafishwa". Matokeo: sifuri. Kisha akasema, "Huyu ndugu anasafisha nyumba kwa kutupa vyombo vya wenzake nje." Watu wakacheka. Sitamtaja, na nadhani yeye amesahau, lakini mimi kicheko kile nimekibeba hadi leo. Tunaambiwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini wale hawakukataa kusikia. Sauti haikuwafikia, na aliyepaswa kuifikisha ni mimi.

Usiku ule nilirudisha soma_tarehe katika toleo la 3.0.1, halafu nikakaa kutafuta onyo langu lilipotelea wapi. Nililiona, na sehemu hii naomba uisome polepole, maana ndiyo iliyobadilisha namna ninavyofanya kazi.

Kwanza, Python huficha DeprecationWarning, aina ile ya onyo niliyoitumia, kwa chaguo lake la msingi. Ilianza hivyo kwenye toleo la 2.7 na la 3.2, kwa sababu watumiaji wa kawaida wa programu walikuwa wanarushiwa maonyo yasiyowahusu, ambayo hawawezi kuyafanyia lolote. Tangu toleo la 3.7 la mwaka 2018, onyo hilo huonekana likitokea moja kwa moja kwenye faili linaloendeshwa, lile ambalo Python hulipa jina la __main__. Likitokea kwenye faili jingine lolote (moduli), linanyamazishwa. Mimi nilikuwa naliona kwenye majaribio yangu, kwa sababu pytest, chombo cha kuendesha majaribio, huyaonyesha maonyo hayo mwishoni. Wenzangu kwenye seva zao hawakuona hata herufi moja.

Pili, kosa lilikuwa kwenye ule mstari wenyewe. Haukuwa na stacklevel=2. Bila hiyo, Python inahesabu kwamba onyo limetokea pale lilipoandikwa, yaani ndani ya faili langu. Kwa hiyo hata aliyeita soma_tarehe kutoka kwenye faili lake kuu hakuliona, na hata ambaye angewasha maonyo yote angeonyeshwa mstari wa kwenye maktaba yangu, asijue ni wapi kwake pa kurekebisha. Ukiweka stacklevel=2, onyo linahamia kwa yule anayeita: faili lake, namba ya mstari wake. Ni maandishi machache sana, na sikuwa nimeyaweka.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kustaafisha fanksheni na kuifuta ni vitu viwili tofauti. Kufuta ni kazi ya dakika moja na mwenye msimbo anaifanya peke yake. Kustaafisha ni mazungumzo na watu wasiokuona, ambao wengine hawajui kwamba wanakutegemea.

Nilianza upya. Safari hii soma_tarehe ilikuwa inaandika kwenye logi kila inapoitwa, mara moja kwa kila mahali, ikitaja faili na mstari wa mwitaji. Baada ya mwezi mmoja nikawa na orodha: sehemu 41. Mimi nilikuwa nimekisia kwamba hazizidi tano. Ndugu zangu, hesabuni! Usiniambie "nadhani hakuna anayeitumia". Kutafuta jina kwenye repozitori, yaani ghala la msimbo, kunasaidia, lakini hakuoni msimbo ulio nje ya repozitori, wala fanksheni inayoitwa kwa jina lililojengwa kutoka kwenye maandishi. Hesabu wakati msimbo unaendeshwa, na hesabu ivuke mwisho wa mwezi, maana kuna kazi zinazoendeshwa mara moja tu kwa mwezi, na nyingine mara moja kwa mwaka.

Kati ya zile 41 mlikuwa na moja iliyonifundisha unyenyekevu. Timu ile ilikuwa imegundua zamani kwamba soma_tarehe inakosea, na badala ya kutuambia ikaandika msimbo wake wa kusahihisha: kila tarehe ambayo siku yake haizidi 12 waliigeuza, siku ikawa mwezi na mwezi ukawa siku. Ningerekebisha kosa letu kimyakimya, bila kubadilisha jina la fanksheni, marekebisho yao yangegeuka kuwa kosa jipya. Msimbo wao ulikuwa umeota mizizi juu ya kosa letu. Ndiyo maana nasema fanksheni mbovu ipewe mbadala wenye jina jipya, na ya zamani iachwe na tabia zake zote hadi itakapoondoka.

Sehemu 33 kati ya zile nilizibadilisha mimi mwenyewe. Niliingia kwenye msimbo wa kila timu, nikaandika badiliko, nikawapelekea walikague. Kazi hiyo ilinichukua wiki nyingi na sitaisimulia, haina ladha. Lakini niamini: mtu mwenye kazi zake hatahama kwa sababu wewe unapenda usafi. Atahama ukimpelekea badiliko lililokamilika na majaribio yanayopita.

Maneno ya onyo nayo niliyaandika upya. "Imestaafishwa" peke yake ni tangazo la msiba lisilotaja mazishi ni wapi. Tazama Python ilivyoistaafisha datetime.utcnow, inayotoa saa ya sasa ya kimataifa (UTC), katika toleo la 3.12 la mwaka 2023: onyo lake linasema imestaafishwa, linasema itaondolewa, na linakuandikia kabisa cha kutumia badala yake, datetime.datetime.now(datetime.UTC). Mtu ananakili na kubandika. Langu sasa lilitaja mbadala, likatoa mfano wa mstari mmoja, na likataja toleo ambalo fanksheni itaondoka. Hilo la mwisho lina uzito kuliko watu wanavyofikiri. Lugha ya Java iliwahi kuumia hapa: baadhi ya njia za kuunda java.util.Date, aina yake ya tarehe, zilistaafishwa tangu toleo la 1.1, mwaka 1997, na hadi leo zipo na zinaitwa. Onyo lisilo na mwisho huzoeleka kama mlio wa jokofu. Ilibidi ifike Java 9, mwaka 2017, ndipo ikaongezwa alama ya forRemoval ili watu watofautishe kati ya "usiipende hii" na "hii inaondoka kweli".

Na pale palipo na hatari ya kweli, usione haya kuondoa. Lugha ya C ilikuwa na gets, fanksheni inayosoma maandishi bila kujua nafasi iliyopo inaishia wapi. Mwaka 1988 kirusi cha Morris kiliutumia udhaifu huo kuingia kwenye kompyuta kupitia programu ya fingerd. Hata hivyo gets ilibaki kwenye viwango vya lugha hadi C11, mwaka 2011. Miaka 23! Lugha ya PHP ilikwenda kwa mwendo ninaouona wa haki zaidi: fanksheni za mysql_, za kuzungumza na hifadhidata, zilitangazwa kustaafu katika toleo la 5.5 mwaka 2013, na zikaondolewa katika toleo la 7.0 mwishoni mwa 2015. Miaka miwili na nusu, mbadala ukiwa tayari upo mezani. Walionung'unika walikuwepo, lakini hakuna aliyeweza kusema hakuambiwa.

Kitu kimoja zaidi nilichofanya, na ningekifanya tena kesho: kabla ya kufuta, niliizima kwa muda. Nilitangaza siku na saa, na kwa saa moja soma_tarehe ikawa inatupa kosa kwenye seva za majaribio. Simu mbili zikaja. Hao wawili hawakuwa wamesoma onyo, barua wala tangazo, lakini kosa jekundu waliliona. Tukawahamisha wiki ileile. Wiki mbili baadaye nikazima tena, safari hii siku nzima. Kimya.

Mwezi uliopita nilifuta soma_tarehe kwa mara ya pili, na ya mwisho. Nilikaa mbele ya logi siku tisa, kwa makusudi, idadi ileile. Hakuna ripoti iliyotoka tupu na hakuna aliyeniita kikaoni. Hakuna aliyenipongeza pia, na kazi hii iko hivyo: ikifanywa vizuri haionekani. Mimi naiona, na nimeridhika.

Kwa hiyo, kijana wangu, na nyote mlio kama yeye: msimbo wa zamani si takataka. Kila fanksheni unayoiona mbaya kuna mtu aliyeitumia kumaliza kazi yake akalala kwa amani. Ukiiondoa bila kumfikia, umemvunjia imani, na hatapandisha toleo lako jingine kwa hiari. Sema mapema. Sema mahali anapotazama. Rudia. Mwambie aende wapi na lini mlango unafungwa. Kisha hakikisha amesikia, na usihesabu kimya kuwa jibu, maana mimi nilikihesabu hivyo kwa miezi kumi na miwili.

Jana alinijibu. Hakufuta kitu wikendi ile. Ameanza kuhesabu: fanksheni ni 53, na katika siku nne za mwanzo 22 zimeshaitwa angalau mara moja, ikiwemo moja aliyoapa kwamba imekufa. Nimemwambia asiguse hizo 31 zilizobaki hadi mwezi ufungwe. Jumamosi tutakaa tuandike maneno ya onyo la kwanza pamoja, na nimemwomba aje na stacklevel yake.