Faini ya kuchelewesha kodi, na mpangaji aliyeshindwa kulipa

SWALI: Assalaam alaykum, Sheikh. Mimi ni mjane na mwalimu mstaafu. Kwa kiinua mgongo changu nilijenga nyumba ya vyumba 6 ambayo ninaipangisha, na kodi yake ndiyo inayonilisha mimi na wajukuu zangu. Mpangaji mmoja hajalipa kwa miezi 4, na kila nikimwendea ananiambia nisubiri mwisho wa mwezi. Mkataba wetu una kifungu kwamba anayechelewa ataongeza asilimia 10 kwa kila mwezi. Mhubiri mmoja ameniambia kuwa faini hiyo ni halali kwa sababu Waislamu hufungwa na masharti yao, na tayari mpangaji mwingine amenilipa faini hiyo mara mbili. Ndugu zangu nao wananishauri ning'oe mlango wa huyu asiyelipa na nizuie vyombo vyake. Nifanye nini?

JIBU: Wa alaykumus salaam wa rahmatullah, mama yangu. Swali lako limenikosesha raha, kwanza kwa hali yako, na pili kwa jibu ulilopewa, ambalo ninalisikia likirudiwa siku hizi kana kwamba halina mpinzani. Watu humwona mwenye nyumba kuwa ni tajiri asiyedhurika, wakasahau kwamba yuko mwenye nyumba ambaye kodi ya chumba kimoja isipoingia, sufuria yake haipandi jikoni. Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kwamba mwenye uwezo kuchelewesha malipo ni dhulma. Ikiwa mpangaji wako anacho na anakuzungusha, basi wewe ndiye uliyedhulumiwa, na hupaswi kuona haya kudai haki yako.

Lakini asilimia 10 hiyo ni riba, na haikuhalalikii.

Mhubiri aliyekujibu ameishika hadithi ya masharti akaikata katikati. Katika riwaya ya Tirmidhi, maneno ya kwamba Waislamu wako kwenye masharti yao yanafuatiwa na maneno mengine: isipokuwa sharti linaloharamisha halali au kuhalalisha haramu. Na katika kisa cha Barira, mtumwa ambaye mabwana zake waliweka sharti batili katika kumuuza, Mtume alipanda mimbari akatangaza kwamba kila sharti lisilokuwamo katika Kitabu cha Mwenyezi Mungu ni batili, hata yakiwa masharti 100. Kwa hiyo saini ya mpangaji haihalalishi chochote. Wanaokopa kwa riba nao hutia saini, na wengi hutia kwa hiari yao.

Tazama kinachotokea mwezi unapokwisha. Mpangaji ameishi, manufaa ya chumba ameyapata, na kodi uliyomdai kwa ajili ya manufaa hayo imekuwa deni shingoni mwake, kiasi kinachojulikana. Nyongeza unayoitaka juu yake hailipii chumba, kwa kuwa chumba kimekwisha kulipiwa na lile deni lenyewe. Inalipia muda peke yake. Imamu Malik amepokea kutoka kwa Zayd bin Aslam kwamba riba ya zama za ujahili ilikuwa hivi: deni likifika muda wake, mdai humuuliza mdaiwa, "Utalipa au utaongeza?" Asipolipa, huongezewa deni na huongezewa muda. Kifungu cha mkataba wako kinauliza swali hilohilo, tofauti ni kwamba kimeliuliza mapema na kuliandika.

Wapo wanaojitetea kwa hadithi nyingine, isemayo kwamba mwenye uwezo akizungusha, heshima yake na adhabu yake huhalalika. Hadithi hiyo ipo, na ninaikubali. Ila Sufyan, mwanazuoni wa zama za mwanzo, kama Bukhari alivyonukuu, ameifasiri kwamba heshima yake ni mdai kusema hadharani "umenizungusha", na adhabu yake ni kufungwa. Adhabu ni ya hakimu, na hakuifasiri kuwa ni fedha inayoingia mfukoni mwa mdai. Wengine wanaiita fidia ya hasara. Hoja hiyo imepimwa na wanazuoni wa zama zetu: Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika azimio namba 51 lililotolewa Jeddah mwaka 1990, lilikataza kumlazimisha mdaiwa aliyechelewa kulipa nyongeza yoyote, iwe imeshurutishwa au haikushurutishwa, na mwaka 2000 huko Riyadh lilipokubali sharti la fidia katika mikataba, liliiondoa katika ruhusa hiyo mikataba ambayo wajibu wake wa asili ni deni. Kubadilisha jina hakujabadilisha kitu.

Ama kung'oa mlango, mama yangu, usithubutu. Niliwahi kuitwa kusuluhisha ugomvi wa namna hii. Mwenye nyumba alikuwa amechukua cherehani ya mpangaji wake fundi na furushi la nguo. Nilipolifungua furushi, kila vazi lilikuwa na kipande cha karatasi kilichobanwa kwa pini, kikiwa na jina la mteja. Vile vilikuwa vitu vya watu wasiodaiwa na yeyote, na cherehani ndiyo iliyokuwa itoe kodi. Mwenye haki aliondoka pale akiwa ni mdaiwa wa watu tisa.

Njia iliyo mbele yako huanza kwa kujua hali ya huyu mtu. Muulize kazi yake iko wapi na kipato chake ni nini, na waulize majirani kwa staha. Akiwa ameishiwa kweli, aya ya 280 ya Suratul Baqara imekwisha kuhukumu: angojewe mpaka afarijike, na kumsamehe ni bora zaidi. Lakini fahamu kwamba kungojewa ni kwa deni lililopita. Aya haikulazimishi kuendelea kumpangisha bure wakati wajukuu zako wanalala na njaa. Muda wa mkataba ukiisha, una haki ya kutouhuisha, na kabla ya hapo mnaweza kuuvunja kwa kuridhiana au kupitia kadhi au mahakama. Akibaki kwa nguvu baada ya hapo, anadaiwa kodi ya mfano, yaani kodi ya kawaida ya chumba kama hicho, kwa siku zote anazokikalia, na hiyo ni haki yako kamili isiyo na chembe ya riba.

Kabla hujamwita, kikague chumba. Imamu Nawawi ameeleza katika Minhaj, kitabu chake cha fiqhi, kwamba ukarabati wa jengo ni juu ya mpangishaji, na asipoutekeleza mpangaji ana hiari ya kuuvunja mkataba; hata theluji ya juu ya paa ameitaja kuwa ni kazi ya mwenye nyumba, na kufagia uwanja ni kwa mpangaji. Nimeona madeni mengi ya kodi ambayo chini yake kuna paa linalovuja na malalamiko yasiyojibiwa.

Kisha keti naye mbele ya mashahidi wawili. Sahaba Kaab bin Malik alimdai mtu msikitini mpaka sauti zao zikamfikia Mtume nyumbani kwake. Akafunua pazia la chumba chake, akamwita Kaab, akamwashiria kwa mkono apunguze nusu. Kaab akasema amekwisha kupunguza. Hapo Mtume akamwambia mdaiwa: "Simama umlipe." Ukimpunguzia, basi naye siku hiyohiyo alipe anachokiweza na kilichobaki kiandikwe kwa tarehe.

Katika mikataba ijayo, chukua kodi mbele, au taka mdhamini atakayelipa mpangaji akishindwa. Yote hayo yanafaa. Ukiona kodi ni ndogo, ipandishe unapoandika mkataba mpya.

Kile kifungu cha faini kifute, na mjulishe kila mpangaji kwamba kimefutwa. Zile faini mbili ulizopokea bila kujua mrudishie mwenyewe, au, akiridhia, zihesabu ndani ya kodi yake ya mwezi ujao na umwandikie stakabadhi.