Shangazi, naletewa vifurushi sijaagiza, mume wangu anahisi nina mtu

*Shangazi shikamoo. Ni mwezi wa tatu huu vinaletwa vifurushi nyumbani vina jina langu na namba yangu ya simu na mimi sijaagiza kitu. Kilianza na pete ya rahisi rahisi, ikaja kava ya simu ambayo hata sina simu ya aina hiyo, juzi kapakiti ka mbegu. Jina la mtumaji hamna. Ile pete mume wangu aliiona akaniuliza nani kakupa, nikamwambia sijui, hakuniamini, tangu hapo kikija kitu naficha nyuma ya kabati. Shoga yangu anasema nivichome moto vyote. Halafu kuna kingine kililetwa kwa jina la dada aliyekuwa amepanga hapa kabla yetu, nikafungua nikakuta viatu, vimenikaa vizuri nikawa navivaa. Nifanyeje? Mwenye Mawazo.*

Marahaba mwanangu. Nimeisoma barua yako na kilichonishtua sio mbegu wala pete, ni hilo kabati. Toa hivyo vitu huko nyuma leo leo, usingoje wikendi wala usingoje mume aje na mood nzuri. Manake siku akivikuta mwenyewe wakati anatafuta soksi zake hutakuwa na maneno ya kumwambia, utasema ukweli mtupu na utasikika kama muongo, na hapo hata mimi siwezi kukusaidia.

Sasa nikueleze hivyo vitu vinatoka wapi, ili ukienda kuongea naye uwe na cha kusema zaidi ya "sijui".

Kuna wauzaji wa mtandaoni wanaotaka bidhaa zao zionekane zinanunuliwa sana. Wakijiandikia sifa wenyewe bila mzigo kwenda popote duka linawashtukia, kwa hiyo wanatafuta jina na anwani ya mtu wa kweli, wanaweka oda kwa jina hilo, wanalipa wenyewe, halafu wanatuma kitu chepesi cha bei ya chini kabisa ili mfumo uandike kwamba mzigo umefika, na mzigo ukishafika tu wanaingia kwenye akaunti waliyoifungua kwa jina lako wanaandika bidhaa ni nzuri mno, nyota tano. Anayesoma anaona ni mnunuzi halisi. Kitu chenyewe hawajali ni nini, ndo maana unaona pete leo, kesho kava, keshokutwa mbegu, havina uhusiano wowote.

Na hizo mbegu hauko peke yako kabisa. Mwaka 2020 watu wa majimbo yote 50 ya Marekani walipokea vipakiti vya mbegu ambavyo hawakuagiza, vingi vikionekana vimetoka China, na baadhi vilikuwa vimeandikwa nje kwamba ndani ni mapambo ya kuvaa. Wizara ya Kilimo yao ikazichunguza, wakakuta humo kuna kabichi, haradali, mnanaa, lavenda, mawaridi, vitu vya kawaida tu, na ikasema haina ushahidi wa kitu kingine zaidi ya huo mchezo wa wauzaji. Ila waliwakataza watu wasizipande, na mimi nakukataza hivyo hivyo, kwa sababu mbegu ngeni inaweza kuja na magonjwa au wadudu, au ikaota gugu ambalo hamtaliweza. Wala usizitupe hovyo nje zikaja kuota. Ziache na pakiti yake, zifunge kwenye mfuko, uwaulize watu wa kilimo wa huko uliko wanataka uzipeleke wapi. Kuhusu moto wa shoga yako, hapana mwanangu. Ukichoma unachoma ushahidi wako mwenyewe, na hizo bahasha zenye lebo ndo zitakazokutetea.

Kwa hiyo keti na mume wako, weka vyote mezani, na bahasha zake, mwambie nilikuwa naficha kwa sababu ile siku ya pete uliniogopesha. Usianze na maelezo ya wauzaji, anza na hapo kwenye kuficha, ndo panapouma. Kisha mpe ile kava ya simu aishike. Mtu anayekupenda kwa siri angejua unatumia simu gani, si ndio? Hilo kava ni shahidi mzuri kuliko maneno yako yote. Na kifurushi kijacho asaini yeye, afungue yeye. Akishaona yote hayo na bado anakushuku basi tatizo halijaletwa na vifurushi, lilikuwepo, niandikie tena tuongelee hilo.

Ningekuwa na wasiwasi wa aina nyingine kama vitu vyenyewe vingekuwa vinakujua. Nguo ya saizi yako, marashi unayopaka, kikaratasi kinachotaja ulikokuwa jana. Hapo kuna mtu anakufuatilia, unapiga picha kila kitu, unaandika tarehe, unaenda polisi na usiende peke yako. Kwa ulivyoniandikia sioni dalili hiyo lakini nimeona niiseme, kuna mwingine anasoma hapa na yake iko hivyo.

Sasa wewe usilale, maana hata kama pete haina madhara jina lako na anwani yako na namba yako viko mikononi mwa watu usiowajua. Badilisha paswedi za akaunti zote unazonunulia vitu, ya barua pepe ndo ianze, na uwashe ile hatua ya pili ya kuthibitisha kwa simu. Angalia matumizi ya kadi yako na pesa yako ya simu, hata kiasi kidogo usichokikumbuka kiulizie, kwa sababu kama pesa imetoka kwako basi huu sio mchezo wa nyota tena, huo ni wizi na benki wanatakiwa wajue mara moja. Na ukiona kikaratasi ndani chenye zile alama za mraba za kuskani eti ujue nani kakutumia zawadi, usiskani! FBI walitoa onyo mwaka 2025 kuhusu vifurushi vya namna hiyo, ukiskani unapelekwa kwenye ukurasa unaokuomba taarifa zako au unapakua programu ya kukuibia. Namba ya simu iliyo ndani ya kifurushi nayo usiipige, ukitaka kuripoti tafuta mwenyewe mawasiliano ya duka.

Pia ikitokea siku kimekuja kitu cha gharama, simu mpya kwa mfano, halafu mtu akapiga kwamba kilipotea njia anakuja kukichukua, usimpe. Wezi wanaagiza kwa jina la mtu halafu wanajifanya watu wa mizigo kuja kukichukua, deni linabaki kwako. Piga kwa kampuni yenyewe kwanza.

Pete na kava ukitaka kubaki navyo baki navyo. Marekani na Uingereza sheria iko wazi kwamba kitu ulichotumiwa kwa jina lako bila kuagiza huwezi kudaiwa hela yake, kwingine waulize wanaohusika na haki za walaji kabla hujalipa chochote.

Ila viatu, hapana. Kile kilikuwa na jina la mwenzako na unalijua, mwanangu, yeye alilipa hela yake akangoja mzigo haukufika, labda aligombana na muuzaji bure. Na kuna nchi kufungua barua au mzigo wa mtu mwingine ni kosa la kushtakiwa. Mwenye nyumba lazima ana namba ya huyo dada, iombe leo, mpigie mwambie viatu vyako vilikuja hapa nikavifungua nikavivaa, naomba unisamehe, nikulipe shilingi ngapi. Usimrudishie vimeshavaliwa ukajifanya ndo vilivyokuja hivyo. Akisema achana navyo, umshukuru, akitaja bei, lipa. Na kikija kingine chenye jina lake usikifungue, mrudishie aliyekileta akiwa bado mlangoni, mwambie huyu alishahama.